Mizizi ya Kilatini na Kigiriki barazani Wete: shajara ya mradi

Naiandika shajara hii kwa walimu wa twisheni na kwa wazazi wenye watoto wa sekondari, hasa hapa Pemba, ili anayetaka kuifanya kazi hii kwake ajue lipi la kuchukua na lipi la kuacha. Kikundi ni kidogo: wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, hawafiki ishirini, tunakutana barazani kwetu Wete Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya Alasiri. Tunajifunza msamiati wa Kiingereza kupitia mizizi ya Kilatini na Kigiriki. Mtoto akiingia Kidato cha Kwanza hukutana na “photosynthesis”, “hydrosphere” na “arthropoda” kabla hajajua kuomba ruhusa ya kutoka nje kwa Kiingereza, na anachoambiwa ni akariri. Nataka awe na njia nyengine.

20 Januari 2024: Orodha ya mizizi mia

Nilianza na orodha. Mizizi mia moja kwenye karatasi za manila, mzizi upande mmoja, maana upande wa pili: “port” kubeba, “spect” kutazama, “dict” kusema, “scrib” kuandika, “rupt” kuvunja, na kuendelea.

Kukariri hakukuwa tabu. Hawa ni watoto waliolelewa katika chuo cha Kurani, wamehifadhi Juzuu Amma tangu wadogo. Mizizi mia kwao ni kitu gani? Haukupita muda, ukitaja “rupt” unajibiwa kwa sauti moja, “kuvunja!” Nikawapa aya fupi yenye “interrupt”, “erupt” na “corruption”. Kimya. Mzizi wanao, neno liko mbele yao, lakini hawavikutanishi. Kwenye orodha mzizi umesimama peke yake. Ndani ya neno una kiambishi mbele na kiambishi nyuma, na jicho la mtoto halijazoea kuukata.

Tatizo la pili lilikuwa kwamba orodha haisemi ni mzizi gani una faida na upi unapoteza muda. Tulipofika “important” mwanafunzi mmoja aliuliza kama “important people” ni watu waliobebwa. Swali la haki kabisa. Neno hilo kweli limetoka katika Kilatini “importare”, kuleta ndani, lakini mpaka limefika kwenye maana ya umuhimu limepita safari ndefu ambayo mtoto wa miaka kumi na nne haimsaidii kitu.

Gharama: manila, kalamu za wino mzito na boksi la chaki, jumla shilingi 14,000.

Marekebisho: kazi ya kwanza sasa ni kuchambua, kama tunavyochambua karafuu na makonyo yake. Neno linaandikwa ubaoni, mwanafunzi anachora mistari ya kulikata, kisha ndiyo tunasema maana ya kila kipande. Aliyekata vizuri asijue maana ametangulia kuliko aliyejua maana asijue pa kukata.

17 Februari 2024: Kuanzia kitabuni, kisha pweza

Orodha imewekwa kabatini. Nimechukua vitabu vyao vya baiolojia na jiografia, nikapitia ukurasa kwa ukurasa na kuandika kila mzizi unaorudi mara tatu au zaidi. Mia ikashuka ikawa arobaini na kitu: “bio” uhai, “geo” ardhi, “hydro” maji, “photo” mwanga, “therm” joto, “phyll” jani, “derm” ngozi, “pod” mguu, “syn” pamoja, na wenzao. Hatugusi tena mzizi wowote mpaka liwepo neno lililomshinda mtu skuli wiki hiyo.

Wiki iliyokwenda vizuri ni ya wanyama wa baharini. Mwanafunzi mmoja ambaye baba yake ni mvuvi alikuja na pweza, tukamweka kwenye sinia katikati ya baraza. Neno lilikuwa “cephalopoda”. Tukalikata: “kephale” kwa Kigiriki ni kichwa, “pous” ni mguu. Miguu kichwani. Yule mwenye pweza wake akakataa. “Mwalimu, hiyo si miguu, ni minyiri. Na kichwa chake kile kule juu, minyiri iko mbali nacho.”

Nikamwambia atafute macho. Akamgeuza pweza, akayakuta pale pale minyiri inapoanzia. Kile kifuko cha juu ambacho sote tunakiita kichwa tukakipasua, mkawa na matumbo yake. Kichwa cha pweza kipo katikati, na minyiri imeota kichwani penyewe. Aliyetunga jina alikuwa amemtazama mnyama kwa makini, na watoto nao wakalazimika kumtazama hivyo hivyo ili walielewe neno. Kwangu mimi hapo ndipo mradi ulipoanza hasa.

Tukaendelea. Konokono ni “gastropoda”, “gaster” ni tumbo, naye kweli anatambaa kwa upande wa tumbo. Kiti cha pweza na jongoo bahari wako pamoja katika “echinodermata”, wenye ngozi ya miiba. Chaza ni “bivalve”: “bi” mbili, na “valva” kwa Warumi ni ubao mmoja wa mlango unaofunguka pande mbili. Kwa mtoto anayeingia na kutoka kila siku kwenye mlango wa namna hiyo, chaza hakuhitaji maelezo zaidi.

Siku nyingine niliwauliza bila kuwaarifu kabla. Wengi walikuwa wanayo bado. Lililopotea ni “arthropoda”, ambalo tulilisema kwa mdomo tu. Wavulana wakaleta kaa kutoka mikokoni, tukahesabu viungo vya mguu mmoja mmoja: “arthron” ni kiungo. Halijapotea tena. Gharama: hakuna, na pweza aliliwa.

9 Machi 2024: Idghamu

Tulikuwa tumekwama kwenye kiambishi cha kukanusha, “in-”. Katika “invisible” kinaonekana wazi. Katika “illegal” kimekuwa “il-”, katika “irregular” kimekuwa “ir-”, katika “immature” na “impossible” kimekuwa “im-”. Nilichora jedwali la safu nne. Wakalinakili vizuri sana, kisha wakaendelea kuviona kama viambishi vinne visivyojuana, na kuandika “inlegal” na “inregular” kwenye mazoezi. Jedwali la pili, lenye rangi, nalo halikusaidia.

Aliyetutoa ni msichana wa Kidato cha Pili ambaye jioni huwasomesha wadogo chuoni. Alilitazama jedwali, akasema, “Mwalimu, hii si idghamu?” Idghamu ni herufi kuingia ndani ya nyengine katika kusoma Kurani. Akasoma mwisho wa Suratul Ikhlas. Msahafuni imeandikwa “yakun lahu”, nasi sote tunasoma “yakul-lahu”. Nuni (n) yenye sukuni, yaani isiyo na irabu, ikikutana na lamu (l) huingia ndani yake. Basi “in” na “legal” ni “illegal”. Mwengine akadakia “min rabbika” ya Suratun Nabaa, inayosomwa “mir-rabbika”. Basi “in” na “regular” ni “irregular”.

Zikabaki b na p. Hapo hawakunihitaji tena. Katika Suratul Bayyina imeandikwa “min ba’di” na tunasoma “mim ba’di”. Hiyo ni iqlabu, nuni hugeuka mimu mbele ya ba. Kwa hiyo “imbalance”. Herufi p haimo katika Kiarabu, lakini midomo inafunga mahali pale pale, na ndiyo maana ya “impossible”. Kiswahili chenyewe kinafanya hivyo bila kutuuliza: ubao, mbao, ubavu, mbavu. Ulimi unaosema n unakuta midomo imeshajifunga kwa ajili ya b, ikatoka m.

Jioni ile ile tuliifungua “con-”, inayozaa “combine”, “collect” na “correct”, kisha “syn-” ya Kigiriki. “Symbiosis” ni “syn” na “bios”, kuishi pamoja, na n imegeuka m mbele ya b. Neno hili lilikuwa limewasumbua tangu muhula kuanza.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nadhani ndilo la maana kuliko yote humu. Watoto wa visiwa hivi hawaji kwenye mizizi mikono mitupu. Wanajua tangu wadogo kwamba herufi hubadilishana zikikutana, na wana sheria zake kwa majina. Wanajua kwamba elimu, mwalimu, taaluma na mtaalamu ni jamaa moja, na kwamba darasa na madrasa ni jamaa nyengine. Kitabu cha mizizi kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto wa London hakiwezi kulijua hilo. Sisi tunalijua, na ni hasara tukiliacha mlangoni kila tunapofundisha Kiingereza.

27 Aprili 2024: Maalimu, “un-” na mvua

Ramadhani tulipumzika. Tuliporudi, maalimu wa chuo cha yule msichana alikuja barazani. Alikuwa amesikia habari ya idghamu, na alikuwa na neno. Idghamu, alisema, huingia baina ya maneno mawili. Ndani ya neno moja nuni husomwa wazi: “dunya”, “bunyan”, “sinwan”, “qinwan”. Na “illegal” ni neno moja. Tena idghamu ni hukumu ya kusoma Kurani, isichanganywe na kanuni za Kilatini.

Pande zote mbili ana haki. Tumekubaliana tuseme “mfano wa idghamu”, na nimewaeleza watoto kwamba kiambishi cha Kilatini ni kipande kilichokuja kukutana na neno lililokwisha kamilika, ndiyo maana mkutano wao unafanana na wa maneno mawili. Tangu hapo maalimu hupita mara kwa mara, na hukaa akasikiliza.

Tatizo la kweli lilizuka pengine. Walipoipata kanuni waliitumia kila mahali. Kwa nini “unlucky” haiwi “ullucky”? Kwa nini “input” si “imput”, na “inland” si “illand”? Jibu liko kwenye historia. Kiingereza kwa asili ni ndugu wa Kijerumani. “Un-” ni yake ya nyumbani, na “in” ya “input” na “inland” pia. Kilatini kilimjia kupitia kanisa, kisha kwa wingi kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kisha kupitia wanazuoni waliochota moja kwa moja vitabuni. Vya nyumbani havigeuki: “unlawful” imebaki kama ilivyo, na “illegal” yenye maana ile ile imegeuka. “Un-” haigeuki hata ikipandikizwa kwenye neno lenye asili ya Kilatini, kama “unreliable”.

Kuwaeleza matabaka ya lugha kulikuwa rahisi kuliko nilivyotaraji. Niliwaambia wahesabu hadi kumi. Moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu. Nasi tunazichanganya kila siku sokoni bila kujikwaa.

Masika yameharibu kadi zote za manila. Wino umetambaa, karatasi zimejikunja, na sehemu kubwa ya zile 14,000 imekwenda na maji. Kadi mpya zimekatwa kwenye maboksi ya biskuti tuliyopewa dukani bure, zikaandikwa kwa bolpeni na kufunikwa selotepu. Roli mbili za selotepu, 3,000. Anayetaka kunakili aanzie hapa asipite kwenye manila.

8 Juni 2024: Mizizi inayofanana

Mwanafunzi mmoja aliona “Antenatal” kwenye kibao cha hospitali, akawaambia nyumbani kwamba pale ndipo panapotolewa huduma za kuzuia uzazi. Alikuwa ameikata vizuri, “natal” ya kuzaliwa ameipata, ila mbele amesoma “anti-”, ya Kigiriki, kupinga. Pale ni “ante-”, ya Kilatini, kabla. Ni kliniki ya wajawazito.

Kukisia kwa mizizi kunampa mtoto ujasiri, na ujasiri huo unaweza kumpeleka kubaya, hasa kwenye mambo ya afya. Tukakaa na kutafuta mizizi mingine inayofanana. “Ped” ya “pedestrian” ni mguu kwa Kilatini; “ped” ya “pediatrics” ni mtoto kwa Kigiriki. “Homo” ya “Homo sapiens” ni mtu kwa Kilatini. “Homo” ya “homogeneous” ni sawa kwa Kigiriki. “Hypo-” ni chini na “hyper-” ni juu, na zikisemwa haraka sikio halizitofautishi, ilhali mgonjwa wa “hypothermia” anahitaji kupashwa joto na wa “hyperthermia” anahitaji kupozwa. Kila jozi ina kadi moja, pande mbili.

Utaratibu mpya: kata, kisia, soma sentensi nzima uone kama makisio yanakaa, kisha fungua kamusi. Kamusi ni hatua ya mwisho, lakini hairukwi. Nimenunua moja ya mtumba, 15,000.

Kuna na jambo la pili nililotaka walielewe, kwamba mzizi unaonyesha aliyetunga neno alifikiri nini, na huenda alikosea. “Malaria” ni Kitaliano, “mala aria”, hewa mbaya; watu waliamini homa inaletwa na harufu ya mabwawa, mpaka daktari Ronald Ross alipokikuta kimelea cha malaria ndani ya mbu huko India mwaka 1897. “Oxygen” ilipewa jina na Lavoisier, mkemia wa Ufaransa, maana yake mzaa asidi, kwa kuwa alidhani kila asidi inayo. Asidi wanayoijua kwenye kemia, hidrokloriki, haina. “October” ina “octo”, nane, kwa sababu mwaka wa Warumi wa zamani ulianza Machi. Hili la mwezi lilizua mabishano marefu, na sikuyakatiza.

20 Julai 2024: Wanaandika, hawasomi

Wanaandika “photography” bila kosa. Wakiisoma, mkazo unakwenda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili, na Mwingereza hawezi kuwaelewa. Nilijaribu kuwasomea mimi wakarudia. Ikakaa kwa siku ile tu, kwa sababu “photograph”, “photography” na “photographic” zina mzizi mmoja na kila moja imeweka mkazo pake.

Kilichosaidia ni kutazama mkia wa neno. Yanayoishia “-logy”, “-graphy” na “-metry” huweka mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho. Yanayoishia “-ic” huweka ya pili kutoka mwisho, yaani kama sisi: “scientific”, “atomic”, “photographic”. Kwa hiyo kwenye “-ic” mtoto asome kama Kiswahili tu, na kwenye “-logy” arudi nyuma hatua moja. Tunapiga kofi moja penye mkazo. Maneno machache yanaasi, na la kwanza kuliona likawa “Arabic”, lenye mkazo mwanzoni.

31 Agosti 2024: Karafuu

Nusu ya kikundi wako mashambani kuchuma. Waliobaki tukasoma jina la mti wenyewe, “Syzygium aromaticum”. Neno la pili wanalipata wenyewe, yenye harufu nzuri. La kwanza ni “syn-” tena, safari hii n imedondoka kabisa mbele ya z, na “zygon” ni nira: waliofungwa nira pamoja. Msichana mmoja akatoka, akarudi na tawi. Majani ya mkarafuu hutoka mawili mawili, yakitazamana. Na “clove” ya Kiingereza imepitia Kifaransa kutoka “clavus” ya Kilatini, msumari. Itazame karafuu kavu.

12 Oktoba 2024: Jaribio na kilichobaki

Nilitoa fotokopi za aya mbili wasizozijua, zote za Kiingereza. Pamoja na nyengine za mwaka mzima, fotokopi zimekula 9,000. Aya ya kwanza ilikuwa ya baiolojia, juu ya mimea ya mikoko. Walifanya vizuri, hata walioingia Januari wakiwa wanaogopa kusoma kwa sauti. Aya ya pili ilikuwa kisa chepesi cha watu wawili wanaogombana njiani. Wengi walianguka.

Ukiitazama aya ile sababu inaonekana. Ilijaa “put up with”, “get over”, “give in”, “turn out”. Maneno mafupi, ya nyumbani kabisa kwa Mwingereza, na mizizi yetu haiyagusi. Mtoto anayejua “cephalopoda” asijue “give up” ataufaulu mtihani wa baiolojia, na mtihani wa Kiingereza utamshinda. Mizizi ni ya vitabu vya sayansi, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Mazungumzo na hadithi yanataka njia yake.

Kwa hiyo tumegawa. Jumamosi inabaki ya mizizi. Jumapili tunasoma hadithi fupi za Kiingereza kwa sauti, na maneno haya madogo yanaandikwa pamoja na sentensi yake nzima, hayakatwi. Kadi za kemia zinaandikwa wiki hii, tukianza na “hydrolysis” na “electrolysis”, ambazo zinatumia “lysis”, kufungua, na zimewachanganya tangu Septemba.

Jumla ya gharama mpaka leo ni shilingi 41,000: manila iliyoharibika pamoja na kalamu na chaki 14,000, selotepu 3,000, kamusi 15,000, fotokopi 9,000. Ukianza na maboksi badala ya manila utatumia chini ya hapo. Mwalimu mmoja wa mji wa Mkoani, huku huku Pemba, ameshachukua seti ya kadi za baiolojia kunakili, na nimemwomba aanze na za wanyama wa baharini, kwao samaki hawako mbali.